Baji na Rangi Zake: Kumsoma, Kumzalisha na Kumtunza

Anayekwenda kununua baji kwa mara ya kwanza huuliza mambo mawili: bei gani, na yupi dume. Muuzaji asiyejua humwambia kwamba wa bluu ni dume na wa njano ni jike. Mtu analipa, anafika nyumbani na madume wawili, anawafungia kisanduku cha kutagia, kisha anakaa miezi akingoja mayai. Rangi ya manyoya peke yake haisemi lolote kuhusu jinsia ya ndege huyu. Inasema mengine mengi, hata hivyo: amerithi nini kwa baba na mama, huenda anaficha nini, na ukimpa mwenza fulani makinda watatoka wa namna gani. Hayo yanaweza kujulikana kabla ya yai la kwanza kutagwa, na mfugaji yeyote mwenye subira na daftari anaweza kuyajua.

Jinsia husomwa juu ya mdomo, kwenye kile kipande cha ngozi laini chenye matundu ya pua. Dume aliyekomaa ana ngozi ya pua ya bluu iliyokolea, sawasawa pande zote. Ya jike huwa ya kahawia, na akikaribia kutaga hukauka na kufanya magamba. Wakati mwingine ni nyeupe au bluu iliyopauka, lakini utaona duara jeupe kuzunguka kila tundu la pua, na hilo ndilo la kuliamini. Kinda dume ana waridi inayoelekea zambarau iliyoenea yote. Kinda jike ana weupe au bluu hafifu yenye yale maduara. Wapo wanaovunja kanuni hii. Dume wa njano tupu au mweupe mwenye macho mekundu hubaki na ngozi ya pua ya waridi hadi uzeeni, na wengi wao wameuzwa kama majike.

Umri nao uko kwenye paji la uso. Kinda wa kawaida ana mistari myeusi inayoshuka mpaka kwenye ngozi ya pua, na macho meusi tii. Akifikisha miezi 3 au 4 hubadilisha manyoya, mistari ya paji hutoweka, na baadaye duara jeupe hujitokeza kuzunguka mboni ya jicho. Ukiambiwa ndege ni mchanga huku paji lake ni safi na jicho lina duara, usilipe bei ya kinda.

Kwao ni Australia

Baji ni kasuku mdogo wa nyanda kavu za ndani ya Australia. Porini huruka kwa makundi makubwa akifuata mvua na mbegu za nyasi, na hutaga ndani ya mashimo ya miti. Uzito wake ni kama gramu 30 tu, ingawa wale waliofugwa kwa ajili ya maonyesho huko Ulaya ni wakubwa zaidi na wana vichwa vinene. Wa porini ni wa kijani, uso wa njano, mgongo na mabawa yenye mistari myeusi. Mwaka 1840 mtaalamu wa ndege John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai, na tangu hapo wamezaliana vizimbani kizazi baada ya kizazi.

Hilo la kuzaliana vizimbani lina uzito kwetu. Baji ni mmoja wa kasuku wachache sana wasiomo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyamapori. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo aliingizwa mwaka 2016 katika kundi linalolindwa kwa ukali zaidi, baada ya kukamatwa kwa wingi porini. Wale kasuku wadogo wenye mkia mfupi wa kaskazini mwa Tanzania, ambao wauzaji wengine huwachanganya na baji, ni wanyamapori wa nchi na hawanunuliwi kiholela. Mtu anayetaka kasuku nyumbani bila kupunguza waliobaki porini, mimi humwelekeza kwa baji bila kusita.

Rangi mbili na ujenzi wa unyoya

Ndani ya manyoya ya baji mna rangi halisi mbili tu: njano, na nyeusi ya melanini. Bluu haimo kabisa. Inatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa ndani, kwa vishimo vidogo mno vinavyotawanya mwanga na kurudisha sehemu yake ya bluu. Ukilisaga nyoya la bluu, bluu inapotea. Njano ikilala juu ya bluu hiyo, jicho linaona kijani. Ukiondoa njano, ndege anabaki wa bluu. Ukiondoa melanini na kuacha njano, unapata lutino, wa njano mwenye macho mekundu. Ukiondoa zote mbili unapata albino mweupe. Karibu kila aina unayoiona sokoni ni matokeo ya kuondoa, kupunguza au kuhamisha moja ya vitu hivyo.

Baji wa bluu walijulikana kwanza Ubelgiji karibu na mwaka 1880, na mwaka 1910 walipoonyeshwa London walizua msisimko mkubwa. Sababu yake ilifahamika muda mrefu sana baadaye: mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba badiliko dogo katika jeni moja huzuia unyoya kutengeneza njano.

Sasa jinsi ya kusoma. Anza na uso, si mwili. Uso wa njano ni kundi la kijani. Uso mweupe ni kundi la bluu. (Wapo wenye uso wa njano na mwili wa bluu, au wa feruzi pale njano inapochuruzika hadi kifuani, hao ni wa kundi la bluu.) Kisha tazama kiasi cha giza. Kuna jeni inayotia kiza, na ndege anaweza kuwa hana, akawa na kipimo kimoja au viwili. Katika kijani utapata kijani cha kawaida, kijani kilichokolea, na kijani cha zeituni. Katika bluu utapata bluu ya mbingu, kobalti, na bluu ya kijivujivu isiyo na mng'ao. Jeni hiyo ilijitokeza Toulouse, Ufaransa, mwaka 1915.

Baada ya hapo nenda shavuni. Baji wa kawaida ana baka la zambarau kila shavu, chini yake vitone vyeusi vya kooni. Baka hilo linaamua kesi ambayo wengi huikosea: bluu ya kijivujivu na kijivu halisi hufanana kwa mbali, vivyo hivyo zeituni na kijani-kijivu. Baka likiwa zambarau, ndege ana vipimo viwili vya giza. Likiwa kijivu, ana jeni ya kijivu, na uzao wake utakwenda njia tofauti kabisa.

Mwisho mabawa na mgongo. Mtazame ndege aliyetulia kijitini. Uso mweupe: kundi la bluu. Kifua cha bluu nzito: kipimo kimoja cha giza, kobalti. Baka la shavu ni zambarau, basi hana kijivu. Kisogoni mistari imefifia, na pale shingo inapokutana na mabawa kuna nafasi safi yenye umbo la V, imejaa bluu ileile ya kifuani. Bluu hiyo imepenya hata katikati ya manyoya ya bawa. Huyo ni kobalti opalini. Kama mistari ya mabawa ingekuwa ya kahawia, mwili umepauka kidogo na miguu ni ya waridi, ungeongeza neno mdalasini. Kama kila unyoya wa bawa ungekuwa mweupe wenye ukingo mwembamba mweusi, kinyume cha kawaida, na vitone vya koo vimebaki pete tupu, ungesema ni spango, aina iliyotokea Australia katika miaka ya 1970.

Wa mabaka wako wa namna mbili na si vyema kuwachanganya. Mmoja ana mkanda mweupe au wa njano tumboni na doa kisogoni. Jeni yake ni tawala. Mwingine ana sehemu ya juu iliyo safi na rangi imebaki tumboni chini, macho yake hayaoti duara jeupe maishani, na dume wake hubaki na ngozi ya pua ya waridi. Huyu jeni yake ni ya kufichika. Mara chache sana utakuta ndege aliyegawanyika katikati, upande bluu na upande kijani. Ni ajali iliyotokea ndani ya yai, na hairithiwi hivyo. Anayekuuzia kama mbegu anakudanganya.

Hesabu za uzao

Jeni hukaa mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kijani hutawala bluu. Ndege aliyepata kijani kwa mzazi mmoja na bluu kwa mwingine ataonekana kijani tu, lakini anabeba bluu. Wawili kama hao wakiunganishwa, kwa wastani kinda mmoja kati ya wanne hutoka wa bluu. Huo ni wastani wa makinda wengi. Katika makinda watano huenda usimpate hata mmoja, na uzao wao wa pili ukatoa watatu. Wazazi wawili wa bluu hawatoi kijani. Wakikutolea kinda wa kijani ndani ya banda la wengi, ujue dume mwingine alishapanda.

Giza halifichiki, na hapa kuna faida ambayo wafugaji wengi hawaitumii. Kobalti kwa kobalti hutoa robo bluu ya mbingu, nusu kobalti, robo bluu ya kijivujivu. Lakini bluu ya mbingu akiunganishwa na bluu ya kijivujivu, makinda wote ni kobalti. Yule ndege wa kijivujivu ambaye wanunuzi humpita ndiye anayeweza kukupa kobalti watupu.

Jeni za spango, kijivu, urujuani na mabaka ya namna ya kwanza ni tawala: mzazi mmoja anatosha. Spango aliyerithi kwa wazazi wote wawili huwa wa njano au mweupe karibu mwili mzima, na huuzwa kwa jina la lutino au albino. Angalia macho. Yakiwa meusi yenye duara jeupe, si albino, na hesabu ya uzao wake ni nyingine kabisa.

Sehemu inayonivutia zaidi ni zile jeni zinazofuata jinsia: lutino na albino, opalini, na mdalasini. Kwa ndege, dume ana kromosomu mbili za Z, na jike ana Z moja na W moja. Jeni hizi ziko kwenye Z. Kwa hiyo dume anaweza kuzibeba kwa kificho, lakini jike hawezi. Akiwa nayo anaionyesha. Muuzaji akikuambia ana jike wa kijani "anayebeba lutino", hajui anachokisema.

Mchukue dume lutino na jike wa kijani wa kawaida. Mabinti wote watakuwa lutino, na wana wa kiume wote watakuwa kijani wanaobeba. Maana yake unaweza kutambua jinsia siku chache baada ya kuanguliwa, makinda wakiwa bado uchi: kila mwenye macho mekundu ni jike. Geuza wazazi, jike lutino na dume wa kijani asiyebeba kitu, hupati lutino hata mmoja. Wana wote wa kiume watabeba kimyakimya. Mdalasini hujitambulisha mapema vilevile. Kinda wake anapotoka kwenye yai, jicho linaloonekana chini ya ngozi iliyofumba lina rangi ya zambarau nyekundu, huku la mwenzake wa kawaida likiwa jeusi. Baada ya siku kadhaa linakuwa jeusi nalo, kwa hiyo mfugaji asiyefungua kisanduku mapema hupoteza habari hiyo.

Kuwazalisha

Usimpandishe jike kabla hajatimiza mwaka mmoja, au miezi 10 akiwa na mwili mzuri. Jike mchanga ndiye anayekwamiwa na yai, na yai lililokwama linaweza kuua ndani ya saa chache. Wazazi wasiwe ndugu. Tamaa ya rangi ndiyo huwafanya watu waunganishe kaka na dada ili kupata albino haraka, na matokeo yake ni makinda dhaifu na mayai yasiyoangua. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu linaepukika kwa kubadilishana ndege mmoja tu na mfugaji jirani.

Baji hajengi kiota. Anahitaji kisanduku cha mbao chenye giza, sakafu ya kama sm 20 kwa 15, tundu la kuingilia la sm 4 hadi 5, na bonde dogo sakafuni ili mayai yasitawanyike. Weka maranda makavu kidogo ndani. Sakafu tupu inayoteleza huwafanya makinda miguu ipanuke pande mbili na kubaki hivyo. Jike atatoa sehemu kubwa ya maranda, mrudishie. Katika banda la pamoja weka visanduku vingi kuliko majike, vyote urefu mmoja kutoka chini, maana majike hupigania kisanduku cha juu mpaka kuuana.

Hutaga yai moja kila siku ya pili, jumla 4 hadi 6 kwa kawaida, na kila yai huanguliwa baada ya kama siku 18. Kwa kuwa huatamia tangu yai la kwanza au la pili, makinda hupishana siku, na mkubwa anaweza kuwa ameshaanza kuota manyoya wakati mdogo anatoka kwenye ganda. Siku ya 6 au ya 7 mulika yai kwa tochi ya simu: lenye mishipa myekundu lina uhai. Kila asubuhi fungua kisanduku kwa utulivu uangalie shingo za makinda. Chini ya ngozi ile nyembamba kuna kifuko cha chakula, na kikiwa kimejaa utaziona mbegu zenyewe ndani yake. Kikiwa bapa kwa kinda mdogo, wakubwa wanamnyang'anya. Mhamishie kwa jozi nyingine yenye makinda wa umri wake, ambao mara nyingi humlea bila ubishi.

Makinda hutoka kisandukuni wakiwa na siku 30 hadi 35. Baba huendelea kuwalisha, na usiwatenganishe mpaka uwaone wenyewe wakimenya mbegu, kama wiki ya 6. Baada ya kulea mizao miwili kwa mwaka ondoa kisanduku. Bila giza la kutagia, jozi nyingi huacha kutaga, na jike anapata muda wa kurudisha nguvu.

Kizimba, chakula na maradhi

Kizimba kiwe kipana kuliko kirefu, maana baji huruka kwenda mbele: sm 80 kwa jozi ni mwanzo mzuri, na nafasi kati ya nondo isizidi sm 1.2. Vijiti vya mpera vya unene tofauti hulinda miguu kuliko vya plastiki. Wavu mpya uliopakwa zinki usuguliwe kwa siki na maji kabla ya kutumika, kwa kuwa ndege hutafuna kila kitu na zinki ni sumu. Miguu ya stendi isimame ndani ya makopo yenye maji, la sivyo siafu wakiingia usiku hawaachi kinda.

Msingi wa chakula ni uwele na ulezi, pamoja na majani ya kila siku: sukuma wiki, giligilani, karoti iliyoparwa, kipande cha hindi bichi. Mbegu peke yake humnyima ndege vitamini A na madini ya joto. Mfupa wa ngisi unaookotwa ufukweni, ukioshwa na kukaushwa juani, unampa chokaa bila gharama. Parachichi usimpe hata kidogo, wala chokoleti, kahawa au vyakula vya chumvi. Na tazama chombo cha mbegu kwa makini: baji humenya na kuacha maganda palepale, chombo kinaonekana kimejaa huku ndege ana njaa. Puliza maganda kila asubuhi kabla hujaamua kwamba chakula bado kipo.

Kizimba kisikae jikoni. Moshi wa mkaa humwumiza haraka kuliko unavyomwumiza mtu, na kikaango kile kisichoshika chakula kikiachwa motoni kikavu hutoa mvuke unaoua ndege ndani ya dakika chache.

Baji mgonjwa hujificha mpaka anapozidiwa. Manyoya yaliyovimba mchana, kulala kwa miguu yote miwili, mkia unaopanda na kushuka kwa kila pumzi, uchafu nyuma: mojawapo linatosha kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Mzani wa jikoni unaosoma gramu hukuonya mapema kuliko jicho. Ukoko mweupe wenye vitundu kama sifongo mdomoni na miguuni ni utitiri, na hutibika vizuri kwa dawa ya ivermektini ikipimwa na daktari. Kipimo cha kubahatisha kinaua ndege wa gramu 30.

Ndege mpya akae chumba tofauti kwa siku 30. Pia kuna ugonjwa wa bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, ambaye humwingia mtu kwa vumbi la kinyesi na manyoya na kuleta homa, maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu hadi nimonia. Lowesha kinyesi kabla ya kufagia, vaa barakoa, na ukiugua hivyo mwambie daktari kwamba unafuga kasuku. Ugonjwa huu unatibika kwa antibiotiki, lakini daktari asiyeambiwa habari za ndege huenda asiufikirie.

Kwa kila kinda andika tarehe ya kuanguliwa, rangi ya macho siku ya kwanza, namba ya pete, na rangi za baba na mama pamoja na wanachobeba. Pete iliyofungwa huvishwa mguuni kati ya siku ya 5 na ya 10; baadaye haipiti. Unapomuuza, mpe mnunuzi nakala ya ukurasa huo, na wewe unaponunua uuombe. Asiye nao anakuuzia rangi inayoonekana tu, kwa hiyo lipa bei ya hiyo.